Kufuli la Bweni la Wasichana

Kokugonza ndiye aliyesimama kwenye mkutano wa wazazi akaomba lango la bweni la wasichana lifungwe kwa kufuli. Hakuna aliyemtuma. Alikuwa ametoka Kagoma alfajiri, amevaa gauni lake la kanisani, na aliposikia mzazi mmoja akisema kwamba wasichana wa chuo hiki wanaonekana mtaa wa Kashai, mjini, mpaka usiku, wengine wamepanga vyumba na wanaume, hakuvumilia. Akanyoosha mkono.

"Sisi wakati wetu kengele ya jioni ikilia, lango limefungwa," alisema. "Mlezi anapita na tochi kutazama kama kila kitanda kina mtu. Barua zetu zilifunguliwa kabla hatujazisoma. Likizo zikiisha tunapimwa matumbo na nesi ndipo tunaingia. Tuliumia, lakini tulimaliza chuo. Mimi naomba wanetu wafungiwe."

Ukumbi ulipiga makofi. Mkuu wa chuo, Mwalimu Rwekaza, aliitikia kwa kichwa kwa kuridhika, kama mtu aliyekuwa akingoja jambo hilo lisemwe na mwingine.

Joanitha, binti yake Kokugonza, alikuwa mwaka wa pili wa ualimu. Siku hiyo alikuwa nyuma ya ukumbi akigawa soda kwa wageni. Yeye hakupiga makofi. Alipokuwa akimsindikiza mama yake barabarani alisema, "Mama, bweni la wavulana halina hata komeo."

"Wavulana hawarudi nyumbani na mimba."

"Kaka Mwijage alisoma Mwanza miaka mitatu amepanga chumba. Hamkuwahi kumuuliza analala wapi."

"Mwijage ni Mwijage," alisema Kokugonza, na gari lilipokuja akapanda akiwa ameridhika na kazi aliyoifanya.

Kufuli likanunuliwa. Likawa kubwa, la shaba, na ufunguo wake akapewa mlinzi wa usiku.

Simu ya Mkuu wa chuo ilimkuta Kokugonza shambani, kwenye kibanja nyuma ya nyumba, akipalilia maharage katikati ya migomba. Mvua ilikuwa imekatika muda mfupi tu na majani bado yalikuwa yakidondosha maji.

"Mama Joanitha?"

"Ndiye mimi, Mkuu. Shikamoo."

"Marahaba. Binti yako amevunja kufuli la bweni akatoka usiku kwa bodaboda. Keshokutwa kamati ya nidhamu inakaa. Uje wewe au baba yake."

"Alitoka kwenda wapi?"

"Mengine utayasikia ukifika," alisema Mkuu, na simu ikakatika.

Kokugonza alimpigia Joanitha papo hapo. Simu haikupatikana. Akapiga tena, akapiga tena, akiwa amesimama na jembe mkono mmoja, mpaka mumewe akatoka nyumbani kuuliza kuna nini.

Ishengoma alikuwa mzee wa kanisa katika usharika wao, mtu wa maneno machache, na habari mbaya alizipokea kwa kuvaa kofia. Alivaa kofia. Akaketi kwenye benchi la nje na kutazama barabara.

"Bodaboda usiku," alisema. "Mlete nyumbani. Aje alime."

"Tusikie kwanza, Baba Mwijage."

"Tusikie nini? Wewe mwenyewe ulisimama mbele ya watu ukaomba lango lifungwe. Ukarudi hapa ukanisimulia, ukasimulia na kanisani. Sasa wa kwanza kulivunja ni wako."

"Twende wote."

"Siendi kukaa mbele ya walimu niambiwe binti yangu anavunja milango kama jambazi. Nenda wewe uliyeomba."

Jioni hiyo Kokugonza alipika na hakula. Aliwaza mwanamume wa bodaboda ni nani. Aliwaza Joanitha amebadilika lini, na kama yeye mama aliwahi kuona dalili akazifumbia macho. Alimkumbuka likizo iliyopita, alivyokuwa akicheka na simu yake jikoni. Asubuhi aliondoka bila kumuaga mumewe, kwa sababu mumewe alikuwa amelala akiwa ameugeukia ukuta, na wote wawili walijua kwamba hajalala.

Bweni la wasichana lilikuwa jengo refu la bati jekundu, limezungushiwa ukuta. Lango lilikuwa wazi mchana huo. Kwenye pete ya chuma palipokuwa na kufuli palining'inia kipande cha waya. Barazani, karibu na ndoo za kufulia, Kokugonza aliona godoro limeviringishwa na kufungwa kwa kanga. Kanga aliijua. Aliinunua yeye mwenyewe, Muleba, siku Joanitha alipopata nafasi ya chuo.

Mlezi wa bweni, Joviana, alitoka akiwa amevaa sweta juu ya gauni. Alikuwa mdogo kwa Kokugonza kwa umri, lakini uso wake ulikuwa umechoka.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Mwanangu yuko wapi?"

Joviana alionekana kushangaa. "Si yuko kwenu? Aliambiwa asilale humu mpaka kamati ikae. Alitoka na begi. Sisi tulijua amekwenda Kagoma."

"Hajafika Kagoma."

Wanawake wale wawili walitazamana. Kokugonza aliketi juu ya godoro la mwanawe. "Mmemtoa mtoto wa kike nje," alisema polepole, "hamjui amelala wapi? Si mlimfungia ili mjue analala wapi?"

"Mama, mimi sikumtoa. Amri ilitoka juu."

"Hiyo bodaboda ilimpeleka wapi?"

"Hospitali. Kuna mwenzake, Klaudia, wa kitanda cha jirani. Alikuwa analalamika tumbo tangu jioni. Nilimpa panadol. Wasichana humu tumbo linawauma kila mwezi, mama, nikidhani kila anayelia amezidiwa sitalala maisha yangu. Nikaenda kwangu. Ufunguo unakaa kwa mlinzi, na mvua ilikuwa kubwa, mlinzi amekwenda kujikinga kusikojulikana. Ndipo wakavunja." Alishusha sauti. "Lile kufuli mimi nililikataa. Nilimwambia Mkuu, likitokea la kutokea nitafanyaje? Nikaambiwa ni wazazi wamelitaka."

Akamtazama Kokugonza vizuri, usoni, kisha kwenye gauni lile la kanisani.

"Ni wewe uliyesimama ukumbini, si ndiyo?"

Kokugonza alijifanya anakaza fundo la kanga ya godoro. "Hiyo hospitali naifikaje?" aliuliza.

Alimkuta Joanitha kwenye veranda ya wodi ya wanawake, amelala kwenye benchi, begi lake chini ya kichwa. Viatu vilikuwa na tope lililokauka. Kokugonza alisimama juu yake, akimsikiliza anavyopumua. Halafu akampiga kibao cha begani, kwa nguvu, na Joanitha alipokurupuka akamvuta kifuani akamshika mpaka wagonjwa waliokuwa wakiota jua wakageuka kutazama.

"Kwa nini simu yako imezimwa?"

"Imeisha chaji, Mama. Na nilikuwa naogopa."

"Unaogopa nini kwangu?"

Joanitha aliinama akaanza kukwangua tope kwenye kiatu. Ndipo mwanamume mmoja mwembamba, mwenye koti la zamani na chupa ya chai mkononi, alipotoka wodini. Aliinama kidogo akamsalimu Kokugonza kwa Kihaya, kwa lile "waitu" la heshima, "Kasinge waitu," na Kokugonza akaitikia. Alikuwa Byabato, baba yake Klaudia, mkulima wa Rubafu. Mke wake alifariki zamani. Klaudia ndiye mtoto pekee aliyepita kidato cha nne katika nyumba yake.

"Huyu ndiye mama yake?" alimuuliza Joanitha. Kisha akamgeukia Kokugonza, akafungua mdomo, akaufunga. "Mtoto wako, waitu," alisema hatimaye. "Daktari aliniambia kama wangengoja kupambazuke, mimi ningekuja na jeneza."

"Mungu ashukuriwe. Anaendeleaje?"

"Anakunywa uji." Byabato aliishika chupa kwa mikono yote miwili. "Mama, kesho mnakwenda kwenye kamati. Nami nimeitwa. Nakuomba kitu kimoja. Yaliyo humu ndani yabaki humu ndani. Mimi ni mtu wa kijijini. Nina majirani."

Aliondoka kwenda kusuuza chupa, na Kokugonza akabaki akimtazama binti yake.

"Ni yapi hayo yaliyo humu ndani?"

Joanitha alitazama kulia na kushoto. "Ilikuwa mimba," alisema. "Ilitunga nje ya kizazi. Mrija ulipasuka, damu ikawa inajaa tumboni. Yeye mwenyewe hakujua kama ana mimba. Tulidhani ni tumbo la kawaida, mpaka midomo ikawa myeupe, mikono baridi. Tulipiga kelele kwa mlinzi tukachoka. Tulimpigia Mlezi, hapatikani. Wenzangu wakaanza kusali. Mimi nikang'oa chuma cha kitanda."

"Uling'oa wewe?"

"Mimi, Mama. Wengine walishika taa za simu. Walipoulizwa asubuhi kila mmoja akasema hakuona. Bodaboda tulimpata barabarani, akambeba Klaudia katikati, mimi nyuma nimemshika asianguke."

"Na mwanamume mwenye mimba?"

"Yuko bweni la wavulana. Siku ile alikuwa mjini anatazama mpira. Alirudi saa aliyotaka."

Ndani ya wodi mtu alikuwa akikohoa.

"Basi ni rahisi," alisema Kokugonza. "Kesho unawaambia hivyo hivyo ulivyoniambia. Mrija ulipasuka, angekufa. Nani atakufukuza?"

"Siwezi."

"Huwezi nini?"

"Nimemwahidi. Mimi nimewaambia alikuwa anaumwa sana, basi. Nikitaja mimba, mpaka jioni chuo kizima kinajua."

"Siku hizi mwenye mimba hafukuzwi. Serikali imekubali wanarudi kusoma."

"Ndiyo, Mama, hafukuzwi. Atarudi. Ataingia bwalo la chakula, na meza nzima itanyamaza. Umewahi kuona mtu akinyamaziwa?"

Kokugonza aliwahi. Alikuwa na umri kama wa Joanitha, katika chuo cha wasichana pekee, nesi alipomtoa msichana mmoja kwenye foleni ya kupimwa. Aliitwa Hellen. Wenzake wote walitolewa madarasani wakapangwa mstari kila upande wa njia, na Hellen akapita katikati na sanduku lake kichwani mpaka getini.

"Alikwenda wapi?" aliuliza Joanitha, mama yake alipomaliza kusimulia.

"Hatukujua. Kuuliza ilikuwa kosa."

"Basi mimi siwezi kumpitisha Klaudia katikati ya mistari," alisema Joanitha. "Na wewe usimpitishe, Mama. Ukisema, sitakusamehe. Sikutishi. Nakueleza tu nijuavyo moyo wangu."

Usiku huo walilala kwa binamu yake Kokugonza, mtaa wa Hamugembe, kitanda kimoja. Kila mmoja alijua mwenzake yu macho. Kokugonza alikuwa akipima maneno gizani. Neno moja tu lingetosha. Angelisema kesho, binti yake angerudi darasani mchana huo huo, na Ishengoma angevua kofia yake. Na mtoto wa mwanamume wa Rubafu angelibeba neno hilo kila aendako.

Kamati ilikaa katika ofisi ya Mkuu. Walimu watatu upande mmoja wa meza, Mwalimu Rwekaza katikati yao, Mlezi Joviana pembeni na mikono mapajani. Joanitha aliambiwa asimame. Kokugonza na Byabato walipewa viti karibu na mlango, mahali ambapo kila aliyeingia kuchukua faili aliwapita akiwakanyaga.

"Ulivunja kufuli?" aliuliza Mkuu.

"Ndiyo, Mkuu."

"Kwa ruhusa ya nani?"

"Hapakuwa na wa kumwomba."

"Jibu swali."

"Bila ruhusa, Mkuu."

"Mlezi alikuwa ameshamwona mgonjwa na kumpa dawa. Wewe ni daktari?"

"Hapana."

"Ulijuaje kwamba hawezi kungoja asubuhi?"

"Nilimwona."

"Ulimwona nini?"

"Nilimwona tu, Mkuu."

Mwalimu mmoja aliguna. Mwingine akasema kwamba wasichana wa siku hizi wanatafuta kisingizio chochote cha kutoka, na kwamba lango likivunjwa mara moja bila adhabu litavunjwa kila wiki. Mkuu alimgeukia Byabato.

"Mzee, binti yako alikuwa anaumwa nini?"

Byabato alisimama. Alikuwa ameshika kofia yake na kuizungusha. "Tumbo, waitu."

"Tumbo la nini?"

"Tumbo. Walimpasua."

"Kidole tumbo?"

Macho ya Byabato yalikwenda kwa Joanitha, yakatoka kwake yakaenda dirishani. "Mimi sikusoma, Mkuu. Waliniambia tumbo." Akaketi, kofia ikiendelea kuzunguka mikononi.

Kokugonza alilisikia lile neno likimpanda kooni. Alimtazama binti yake mgongoni, sketi ya sare iliyokuwa imefuliwa jana kwa binamu na kuvaliwa mbichi. Mgongo ule haukugeuka. Akanyoosha mkono, kama alivyonyoosha ukumbini.

"Mama Joanitha," alisema Mkuu, akitabasamu kidogo kwa mara ya kwanza, "wewe ndiye ninayekuhurumia. Wajumbe, huyu ndiye mzazi aliyetuomba kufuli. Mbele ya wazazi wote. Leo binti yake mwenyewe anamtia aibu."

Mwalimu aliyeguna alicheka. Kokugonza alisimama.

"Ni kweli niliomba kufuli," alisema. "Niliomba kwa sababu nilikuwa na hofu, na hofu bado ninayo, sikufichi. Lakini Mkuu, sikuomba ufunguo ukalale mahali pengine. Wakati wetu mlezi alilala mlango wa kwanza, humo humo ndani na sisi. Ukikohoa anakusikia. Alikuwa mkali, alituonea, lakini alikuwepo. Ninyi mmechukua kufuli la zamani bila yule mama aliyelala nalo. Mmewafungia watoto halafu mkaenda nyumbani."

"Mama, hapa hatujadili utawala wa chuo."

"Najua. Nasema huyu mtoto alimbeba mwenzake akamfikisha hospitali yu hai. Nawe Mlezi, samahani, watoto wako wangekuwa ndani ya lango lile, ungetaka nani awe kitanda cha jirani?"

Aliyejibu alikuwa Joviana.

"Mkuu," alisema bila kuinua macho, "walinipigia. Simu yangu ilikuwa imezimika. Niliona asubuhi, wamepiga mara nyingi sana. Sikuliandika hilo kwenye maelezo yangu. Naomba liandikwe."

Mwalimu Rwekaza alimtazama kwa muda, kisha akawaomba wazazi na mwanafunzi wangoje nje.

Walingoja chini ya ukingo wa paa, mvua ikinyesha mbele ya miguu yao. Byabato alisimama mbali kidogo. Alisogea mara moja, akasema, "Nilitaka kusema, mama. Nilisimama nikitaka kusema. Ulimi ulikataa." Kokugonza alikuwa amemkasirikia, na wakati huohuo alijua kwamba yeye mwenyewe, mahali pake, ulimi wake ungekataa vilevile.

Walipoitwa ndani hawakukalishwa. Joanitha hafukuzwi chuo, alisema Mkuu. Ataandika barua ya kuomba radhi. Kufuli jipya litanunuliwa na familia yake, na ufunguo wa pili utakaa ndani ya bweni kwa kiongozi wa wanafunzi. Ila yeye Joanitha hatalala tena bwenini. Chuo hakiwezi kumlea mtu anayejiamulia. Atafute pa kukaa mjini, ajitegemee, na likimpata jambo huko nje chuo hakihusiki.

"Mkuu," alisema Kokugonza, "ndicho nilichokuwa nakiogopa tangu mwanzo."

"Ndiyo uhuru wanaoutaka, mama," alijibu Mkuu, akafunga faili.

Basi Kokugonza mwenyewe, aliyekuwa akilitaja jina la Kashai kama mtu anayetaja ugonjwa, ndiye aliyezunguka Kashai mchana kutwa akimtafutia binti yake chumba. Walipita kwenye vibanda vya simu na saluni, wakapanda vichochoro vyenye mitaro iliyojaa. Nyumba ya kwanza mwenye nyumba aliuliza, "Kwa nini ametolewa bweni?" na aliposikia wanasitasita akasema chumba kimeshachukuliwa. Nyumba ya pili kulikuwa na vijana barazani waliomwita Joanitha "shemeji" mbele ya mama yake. Nyumba ya tatu Kokugonza alikagua bawaba, dirisha, choo, akauliza nani anakaa chumba cha pili, mpaka mwenye nyumba akamwambia, "Mama, unapanga chumba au unaoa?"

Jioni walipata. Mwenye nyumba alikuwa mjane wa makamo aliyeshona nguo sebuleni. Hakuuliza habari za bweni. Alisema tu kwamba hapendi kelele na kwamba maji yanatoka asubuhi. Sehemu ya pesa za kahawa zilizokuwa zimetengwa kwa bati la jikoni zilibaki mkononi mwa yule mjane, na Kokugonza akajua Ishengoma ataliona pengo hilo kabla hajavua viatu.

Siku mbili baadaye walikuwa wakifagia chumba, godoro limesimamishwa ukutani, Byabato alipobisha hodi. Alikuwa amelowa. Nyuma yake, ameshikilia fremu ya mlango, alisimama Klaudia, amevaa sweta la baba yake, rangi yake bado ya majivu.

"Wamemruhusu," alisema Byabato. Alikataa kuketi. "Nilimpeleka bwenini moja kwa moja. Tulipoingia, waitu, wasichana waliokuwa wakifua waliacha kufua. Sijui nani alisema. Sisi hatukusema. Ninyi hamkusema, najua. Lakini waliacha kufua, wakamtazama tumbo." Aliinua mkono kama anayetaka kuonyesha, akaushusha. "Nikamwambia twende. Rubafu ni mbali, mitihani iko karibu. Nitalipa nusu ya chumba. Kama mtakataa nitaelewa. Kwenye kamati mimi sikufaa kitu."

Joanitha alikuwa ameshaweka ufagio chini. Lakini hakusogea. Alimtazama mama yake, na Kokugonza akaelewa kwamba safari hii binti yake hatatangulia kuamua.

Kokugonza alimtazama msichana yule mlangoni. Hofu yote aliyokuja nayo kutoka Kagoma ilikuwa imesimama pale, na sweta, na miguu myembamba. Majirani wangesema. Ishengoma angesema zaidi. Angeuliza kwa nini, kati ya wasichana wote wa chuo, binti yake anaishi na huyu.

"Utasimama mlangoni mpaka lini na kidonda tumboni?" alisema. "Ingia, mwanangu. Ulale upande wa ukutani, usije ukagongwa usingizini."

Klaudia aliingia. Alipofika katikati ya chumba alianza kulia, bila sauti, na Joanitha akaliangusha godoro chini akamshika kiwiko, akamketisha. Byabato aligeuka akatazama nje. Alikaa hivyo muda mrefu, akijifanya anaangalia kama mvua imepungua.

Simu ya Ishengoma ilikuja Kokugonza akiwa anajiandaa kuondoka kurudi Kagoma. Alitoka uani kuipokea.

"Yamekwishaje?" aliuliza mumewe.

"Anaendelea na masomo."

Kokugonza alimsikia akipumua. "Mungu mkubwa. Yuko bwenini?"

"Hapana. Nimempangia chumba. Kashai."

"Kashai?" Sauti ilipanda. "Mama Mwijage, umerukwa na akili? Kuna lango huko?"

"Hakuna lango. Kuna mlango, na mama mmoja mshonaji."

"Anakaa peke yake?"

"Anakaa na Klaudia. Yule aliyekuwa mgonjwa."

"Aliyekuwa anaumwa nini?"

Kokugonza aliligusa lile neno kwa mara ya mwisho, kisha akaliacha. "Tumbo. Walimpasua. Sasa anapona."

Kwa mbali, kwenye simu, mbuzi wao alilia. Ishengoma alipozungumza tena hasira ilikuwa imeshuka, na iliyobaki ilikuwa ile hofu ambayo wote wawili walikuwa wameilalia siku zote hizo.

"Nisikilize," alisema. "Mimi si mtu mbaya. Nataka kujua jambo moja. Mtoto akiwa huko, usiku umeingia, asirudi. Au arudi anaumwa. Mlezi hayupo, mimi nipo Kagoma, wewe upo Kagoma. Nani atajua?"

Kupitia pazia la mlango Kokugonza aliwaona. Klaudia alikuwa amelala ubavu, amefumba macho. Joanitha aliketi kando yake na daftari la masomo magotini, na kila baada ya mistari michache aliinua macho akatazama blanketi kama linapanda na kushuka.

"Atajua mwenzake," alisema Kokugonza.